Mke wa Simsim

Daktari alichomoa mkono taratibu, akaivua glavu ndefu ya plastiki iliyomfika begani, akasema kwa Kiingereza kisha akarudia kwa Kiarabu, ili pasiwe na wa kudai kwamba hakusikia. Lulu ana mimba. Ya miezi mitano, au karibu na hapo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Agosti ya mwaka 2014, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati ya mazizi. Mazizi yenyewe yalikuwa nyuma ya Al Warqa, pale nyumba zinapoishia na mchanga unapoanza. Watu wanne walikuwa wamemzunguka daktari. Mwenye mimba mwenyewe alikuwa anatafuna majani yake kwa utulivu, kama vile habari haimhusu.

"Mimba?" alisema Kulusumu, binti wa mwenye mazizi. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na viatu vyake virefu vya kupandia farasi vilikuwa vimeng'arishwa tangu jana. "Lulu ni bibi kizee!"

"Bibi kizee amepata mume," alisema daktari akicheka. Alicheka peke yake.

Munir hakuona la kuchekesha. Alikuwa meneja wa mazizi na mpwa wa mwenye mali, yule waliyemwita arbab, kijana aliyezaliwa hapo hapo Dubai na kujifunza Kiswahili kwa bibi yake, na siku zote alionekana kama mtu aliyeacha kitu jikoni kikiungua. Alihesabu kwa vidole akirudi nyuma. Agosti, Julai, Juni, Mei, Aprili. Alipofika Machi akasimama.

Machi ulikuwa ndio moyo wa msimu. Mwezi huo mabanda yalijaa majike ya watu, kutoka Sharjah, Al Ain na hata Oman, yaliyoletwa kupandwa na Barq. Barq alikuwa dume jeupe la Kiarabu mwenye nasaba ndefu kuliko ya watu wengi, na watu walilipa vizuri kulipata jina lake kwenye cheti cha mtoto wa farasi. Lakini Barq hakutoka bandani hata siku moja bila Munir mwenyewe kusimama na daftari. Kwa Lulu hakuwahi kupelekwa. Sasa hesabu ya madume pale mazizini ilikuwa fupi mno, kwa kuwa walikuwa wawili tu.

Wote wakageuka kutazama banda la mwisho. Simsim, farasi wa kahawia asiye na nasaba wala kikombe, alikuwa ametoa kichwa nje akiwatazama.

"Lulu yuko chini ya nani?" Munir aliuliza, ingawa alijua.

"Chini yangu, sir," alisema Shafiq. Alikuwa Mganda, mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Lakini mimi sikumuachilia. Wallahi sir, mlango wa Lulu mimi nafunga na nyororo."

"Basi alipita dirishani? Ama ni pepo?" Munir alimsogelea. "Unajua watu wakisikia kuna dume linazurura humu ndani, watasema nini juu ya watoto wa Barq? Nani ataleta jike lake tena? Arbab anarudi kutoka Maskati Jumamosi. Mimi nataka jina. Nisipopata jina, Shafiq, kosa ni lako, na tiketi ya kurudi kwenu ni yako. Khalas."

Jairus, mtunza farasi mwenzake Shafiq, alikuwa amesimama nyuma, kamba ya Lulu mkononi. Alitaka kusema. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno ukarudi. Munir aliondoka, daktari akamfuata, na Kulusumu akabaki anampapasa Lulu shingoni huku machozi yanamtoka, kwa sababu mashindano ya Desemba, ambayo angempanda Lulu, ndiyo yamekwenda.

"Mzee Jairus," Shafiq alisema taratibu, akiipokea ile kamba. "Nipe mimi. Wewe enda."

* * *

Chumba cha Jairus na mkewe kilikuwa mwisho wa pili wa mstari wa mabanda. Zamani kilikuwa mabanda mawili ya farasi, kabla ukuta wa katikati haujabomolewa na sakafu kutiwa saruji ili kiwe stoo ya chakula. Ukinusa kwa makini siku ya unyevu ungeisikia bado harufu ya shayiri. Kilikuwa na AC ya zamani iliyovuja upande wa mlangoni, na chini yake ndoo ya bluu iliyojaa kila baada ya saa sita. Rispah alilishona pazia mwenyewe kutokana na mapazia yaliyotupwa na madam wake, ya maua makubwa ya zambarau. Ukimwuliza Rispah, hakuna jumba Dubai nzima lililopendeza kuliko chumba kile.

Na alikuwa na haki. Yeye na Jairus walikuwa na miaka saba ya ndoa, minne kati ya hiyo wakimtumikia mtu mmoja, Bwana Khelef, mwenye mazizi. Jairus alikuwa kwa farasi, Rispah kwenye jumba la Al Warqa, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Kwa miaka hiyo yote Rispah alilala kwenye kichumba cha wafanyakazi nyuma ya jiko la madam, na Jairus alilala na wanaume wengine watano kwenye kontena. Walionana Ijumaa, saa mbili tu, wamekaa kwenye ukingo wa barabara nje ya geti la jumba, wanakula chapati kutoka kwenye mfuko. Rispah aliiita ndoa ya geti. Alikuwa amefikisha miaka thelathini na sita, na mama mkwe wake kule Kitale alikuwa ameacha kuuliza habari za mtoto. Kule kuacha kuuliza ndiko kulikomuuma zaidi.

Chumba walikipata mwezi wa Mei. Ilikuwa miezi mitatu tu.

Siku ile ya daktari Rispah aliletwa na dereva saa nane mchana, madam anapolala. Alimkuta mumewe amekaa kitandani na viatu vyake vyenye mavi ya farasi, jambo ambalo sheria za pale ndani hazikuruhusu.

"Jairus. Viatu."

Hakuvivua. Alimweleza yote ya asubuhi, daktari, vidole vya Munir, tiketi ya Shafiq. Rispah alisikiliza huku anaimwaga ndoo nje. Aliporudi akauliza swali moja.

"Ni nani alimfungulia?"

"Ni mimi."

Rispah aliiweka ndoo chini.

"Simsim alikuwa amekata tamaa," alisema Jairus, na akaanza kueleza kama mtu anayejitetea mbele ya chifu. Kazi ya Simsim ilikuwa kupima. Jike likiletwa, analetwa Simsim upande wa pili wa lango, ananusa, anaimba, anabembeleza. Jike likimkataa, linarudishwa bandani mpaka kesho. Likimkubali, likisimama na kuinua mkia, basi Simsim anavutwa na kuondolewa, na Barq ndiye anayeletwa. Kila siku hivyo, mara tatu, mara nne, msimu mzima. Mwaka ule, katikati ya Machi, Simsim alichoka. Alifikishwa langoni akatazama pembeni. Majike yalikuwa tayari na Simsim hasemi, siku zao zinapita, wenyewe wanapiga simu. Munir aliagiza apigwe fimbo.

"Na babu alishaniambia," Jairus aliendelea. "Mzungu wake kule Kitale alikuwa na dume kubwa, analitangaza kwenye gazeti kila mwaka, na babu ndiye sais, mtunzaji wake, anatembea nalo shamba kwa shamba hadi Hoey's Bridge. Walikuwa na mpimaji pia. Babu alisema mpimaji ukimnyima kila siku ataacha kukuambia ukweli. Lazima msimu ukifika katikati umpe jike moja. Jike lolote la shamba, la kuvuta mkokoteni. Mara moja tu. Mzungu mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Sasa mimi nikaangalia hapa nikaona Lulu. Ana miaka ishirini, Rispah! Amezaa mara moja, zamani. Nani angejua ana mayai bado? Ikawa Ijumaa, watu wameenda msikitini, mimi ndiye niliyebaki."

Rispah alimtazama. Kisha, Mungu amsamehe, alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Ukamfanyia Simsim harusi," alisema. "Watu wanasali na wewe unafunga harusi."

"Aki usicheke. Kesho yake ungemwona! Simsim alikuwa analia kutoka bandani mpaka langoni! Majike kumi na moja yalipandwa, yote yakashika mimba. Ndipo arbab akaniita akasema, Jairus, taka kitu. Nikataka chumba."

Kicheko kikaisha. Rispah alitazama pazia, kitanda, jiko la gesi la sahani mbili, kalenda ya kanisa la Oud Metha ukutani.

"Kwa hiyo hiki chumba alitupa Simsim," alisema.

"Ndiyo."

"Na ukisema, wanakichukua."

"Wanaweza hata kutufukuza sisi wawili. Visa zetu zote ziko mikononi mwa mtu mmoja."

AC ilidondosha matone matatu, manne. Rispah aliinuka, akajikung'uta sketi.

"Basi nyamaza," alisema. "Nimekaa kando ya barabara miaka minne, Jairus. Watu wanapita na magari wananiangalia nikila na mume wangu kama omba-omba. Siwezi kurudi pale. Shafiq ni kijana, ana nguvu, atapata kazi kwingine. Mimi umri wangu hauningoji." Sauti ilimpasuka hapo mwisho, na alichukia kwamba ilimpasuka. "Vua viatu."

Jairus akavivua.

* * *

Ijumaa Shafiq alikuja kula, kama alivyokuja kila Ijumaa tangu Mei. Hakuna aliyemwalika wala aliyemkataza. Ndiye aliyesaidia kubeba kitanda kutoka duka la mitumba la Sharjah, wakakifunga juu ya pikapu ya majani, na siku ile Rispah alimwambia kwamba sahani yake iko hapo daima. Neno hilo alikuwa amelisema kwa moyo mmoja. Sasa lilimrudi.

Aliingia amevaa kanzu ya msikitini, akaacha ndara mlangoni.

"Shemeji, mchuzi unanukia mpaka kwa Barq."

"Karibu, Shafiq. Kaa."

Rispah alikuwa amepika kuku na ugali. Alimpa Shafiq paja na firigisi, akamwachia mumewe shingo. Jairus alitazama sahani, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anapanga chumvi mezani.

Walikula. Shafiq alizungumza habari za joto, za timu ya mpira ya Uganda, za Simsim kumng'ata Munir bega juzi, jambo lililowafurahisha wote watatu kwa dakika moja nzima. Kisha akasema, akiwa amekazia macho tonge lake:

"Jana nimeongea na Fauziya. Nimemwambia yule fundi aache kwanza, asipande juu ya nyumba. Mabati yangoje."

"Kwa nini yangoje?" aliuliza Rispah, ingawa hakutaka kujua.

"Shemeji, nikirudi nyumbani bila kazi, yale mabati tutakula?" Alitabasamu kidogo. "Yeye aliuliza, umefanya kosa gani? Nikasema, sijui. Mwanamke akisikia mume hajui kosa lake, anafikiri ni uongo. Sasa ananuna. Anafikiri nimeiba."

Rispah aliinuka kuimwaga ndoo, na ndoo haikuwa imejaa hata nusu.

Shafiq alipomaliza alinawa, akashukuru, akavaa ndara zake. Mlangoni akageuka.

"Pazia hili zuri, shemeji. Kila siku nataka kusema."

Alipoondoka Rispah alikusanya vyombo kwa kelele. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana. Jairus alikaa kitandani akingoja, kwa kuwa alimjua mkewe, na alijua kwamba akisema lolote sasa atavuruga.

"Amekula vizuri?" Rispah aliuliza, bado amempa mgongo.

"Amekula."

"Nimempa firigisi."

"Nimeona."

"Nilidhani nikimpa firigisi nitasikia nafuu." Alifunga bomba. "Fauziya anafikiri mumewe ni mwizi. Mimi ningekuwa Fauziya..." Hakumaliza. Alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Arbab anafika saa ngapi kesho?"

"Asubuhi. Ataanza huku kwa farasi, kabla ya nyumbani."

"Vaa shati jeupe," alisema Rispah. "Nitalipiga pasi."

Akalipiga pasi, akalitundika. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akapanda juu ya kiti akaanza kuchomoa pazia la zambarau kwenye waya wake, pete moja moja, akalikunja.

"Bado hawajasema tutoke," Jairus alisema.

"Sitaki Munir aje kulivuta," alisema Rispah.

* * *

Bwana Khelef alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai mtoto, na nyumbani kwake Kiswahili kilikuwa hakijatoka. Kwa sababu hiyo alipenda kuajiri watu wa Afrika Mashariki. Alisema farasi wake wameshazoea. Asubuhi ile alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli, kikombe cha kahawa mkononi, na Munir amesimama kando amemshika Shafiq mkono kana kwamba Shafiq anakimbia.

"Mjomba, huyu ndiye. Jike lilikuwa mikononi mwake, na amekataa kusema."

"Si yeye, arbab," alisema Jairus.

Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno mengine, mazuri zaidi. Yalipotea yote. Alibaki na hayo.

"Si yeye? Nani basi?"

"Ni mimi. Nilimpa Simsim jike. Ijumaa moja ya Machi, wakati wa sala. Shafiq hakuwa na habari."

Munir aliachia mkono wa Shafiq. Bwana Khelef aliweka kikombe chini mchangani, akasema kwa sauti isiyo kali wala laini:

"Hebu njoo hapa karibu. Nambie vizuri. Kwa nini?"

Jairus akaeleza. Alieleza habari za lango, za fimbo, za babu yake na dume la mzungu na gazeti. Alipofika mahali pa kusema kwamba Simsim alikata tamaa, Munir alitoa sauti puani.

"Farasi anakata tamaa?"

"Nyamaza, Munir," alisema mzee. "Farasi anakata tamaa, ndiyo. Marehemu baba yangu alikuwa akisema hayo hayo. Endelea."

"Ndio hivyo tu, arbab. Alirudi kazini. Yale majike kumi na moja yakashika."

"Na siku ile nilipokuita nikakwambia taka kitu. Hukunambia."

"Sikusema, arbab."

"Ukachukua zawadi, na jambo hili umelikalia."

Jairus aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na shati jeupe lilikuwa limeshalowa mgongoni.

"Unajua mimi n'na kazi gani sasa?" Mzee aliinua vidole. "N'nende kwa watu kumi na moja. N'wambie, jamani, watoto wa majike yenu wakizaliwa tutawapima damu, kila mmoja, kwa gharama yangu, mtu asije akanambia Barq wangu ni Simsim. Kumi na moja! Watu niliokula nao, niliosali nao. Wewe hukunivunjia mlango, Jairus. Umenivunjia neno langu."

"Nisamehe, arbab."

Mzee alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye banda la Lulu. Alimpapasa tumbo, akambonyeza kidogo ubavuni, akasikiliza. Wote watatu walingoja. Kule mwisho Simsim alipiga kwato kwenye mlango wake mara mbili.

"Ishirini," alisema Bwana Khelef, na safari hii sauti yake ilikuwa na kitu kama mapenzi. "Bibi wewe." Akageuka. "Shafiq, rudi kazini, mwanangu. Umedhulumiwa. Munir atakuomba radhi."

Munir alitazama viatu vyake, akaomba radhi kwa Kiarabu, haraka haraka.

"Na wewe Jairus, sikufukuzi. Nikikufukuza nani atamshika Barq? Na umekuja mwenyewe, hilo nimeliona." Alirudi kwenye kiti, akakiokota kikombe, akakuta kahawa imepoa. "Lakini Kulusumu amenipigia simu Maskati analia. Anasema Lulu mzee, atazaa kwa shida, nimtafutie mahali pakubwa, penye ubaridi, pa peke yake. Na kweli. Mwezi wa pili atazaa, na kabla ya hapo joto hili litamuua. Humu mazizini hakuna banda kubwa lenye AC, illa kile chumba chenu. Na chenyewe asili yake mabanda mawili."

Jairus alisikia maneno, lakini yalichukua muda kumfika.

"Rispah atarudi nyumbani," mzee aliendelea, kwa upole kabisa, kama mtu anayetatua tatizo dogo. "Chumba chake kile kipo, hakijapewa mtu. Madam Saleha atafurahi, alikuwa akilalamika asubuhi hana wa kumpikia chai. Na Simsim mlete pale jirani yake, palipokuwa na matandiko. Tutoboe dirisha waonane. Jike linapokuwa na mwenzake hutulia. Si ndivyo alivyosema babu yako?"

"Ndivyo, arbab," alisema Jairus.

"Basi khalas. Yamekwisha."

Mzee alikuwa anamtazama, akingoja kitu. Jairus alielewa ni kitu gani. Ilimbidi akivute kutoka mbali sana.

"Ahsante, arbab."

Walipokwenda kuchukua toroli, yeye na Shafiq, walipita nyuma ya lundo la majani. Hapo Shafiq akasimama.

"Ile Ijumaa nilirudi kuchukua kofia," alisema. "Nilikuona."

Jairus alimgeukia. "Ulijua? Tangu asubuhi ile ya daktari?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Shafiq aliinua mikono ya toroli. "Nilikungoja mpaka jana. Nilipoona paja la kuku kwenye sahani yangu, nikajua shemeji ameshaambiwa."

"Na nisingesema? Ungepanda ndege?"

Shafiq alifikiri kwa uaminifu.

"Sijui, mzee," alisema. "Kwa kweli sijui."

* * *

Kazi ya kukirudisha chumba kuwa banda ilichukua siku nne, na Jairus aliifanya kwa mikono yake. Alitandika mpira juu ya saruji na maranda juu ya mpira. Aling'oa msumari wa kalenda. Alitoboa dirisha kwenye ukuta wa pembeni, kubwa kiasi cha kupitisha kichwa cha farasi, akalizungushia mbao ili mtu asiumie. Kitanda kilirudi Sharjah kwa pikapu ile ile. Yeye akarudi kwenye kontena, kitanda cha juu, karibu na taa.

Ijumaa iliyofuata Rispah alipata ruhusa yake ya saa mbili. Jairus alijiandaa kwenda Al Warqa na chapati, lakini dereva alimleta Rispah mazizini. Alikuwa amemwomba.

"Nataka nione," alisema.

Jairus hakutaka, lakini akampeleka. Walisimama mlangoni pale ambapo zamani watu waliacha viatu. Lulu alikuwa amelala juu ya maranda, tumbo limelala ubavuni, mahali kilipokuwa kitanda. Kichwa cha Simsim kilikuwa kimeingia chote dirishani, macho nusu yamefumba, na mdomo wake wa chini ulikuwa unaning'inia kwa starehe. Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu.

Rispah alitazama kwa muda. Jairus alisubiri alie, au atukane, na moyoni mwake alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakulia. Aliingia ndani akiinua sketi yake kidogo, akachuchumaa kando ya jike, akaweka kiganja juu ya lile tumbo kubwa la joto, akakiacha hapo.

"Anacheza?" aliuliza Jairus.

"Ngoja." Rispah alikuwa anasikiliza kwa mkono. "Bado. Ah. Huyo."

Alikaa hivyo hadi dereva alipopiga honi nje. Kisha akainuka, akajikung'uta maranda magotini, akatazama juu, kwenye ukuta wa mlangoni, ambako tone lilikuwa linajikusanya.

"Wekeni ndoo hapa," alisema. "Hiyo AC inavuja, atalala kwenye maji."

Akatoka kwenda garini, na Jairus akaenda kutafuta ndoo.